Almasi Iliyotoka Hewani

Itajwapo almasi, fikira za wengi hukimbilia pete na mataji. Insha hii haiitazami almasi kwa mng'aro wake, bali kwa kazi isiyoonekana kwa macho: kupima mionzi ambayo huharibu upesi vyombo vingi viwekwavyo mbele yake.

Uwezo huo ulijulikana mapema. Mwaka 1947 wataalamu wa maabara ya Bell, Marekani, walionyesha ya kuwa chembe ya alfa ipigapo almasi iliyotiwa volti, mshtuko mdogo wa umeme hupita ndani ya jiwe na kuweza kuhesabiwa. Almasi kwa asili yake huzuia umeme. Lakini chembe yenye nguvu ipitapo ndani yake hubandua elektroni na kuacha nafasi tupu, kisha viwili hivyo huvutwa kila kimoja upande wake. Kupata jozi moja ya namna hiyo hutaka nguvu ya elektroni-volti 13 hivi. Tena atomi za kaboni zimeshikamana sana, hata mionzi huzing'oa kwa shida.

Mbona basi jambo hili lilikawia miaka mingi? Kosa halikuwa katika wazo. Lilikuwa katika mawe. Almasi za ardhini hazilingani. Moja huhesabu vema, na ya pili, ambayo labda sonara angeipenda zaidi, hukaa kimya, kwa kuwa naitrojeni na kasoro nyingine hunasa umeme kabla haujafika ukingoni. Nani awezaye kujenga chombo cha vipande mia kwa mawe yenye tabia mia?

Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ilitangaza almasi zilizofanyizwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Zilifaa kusaga na kukata, si kupima. Njia nyingine ilikuwa imekwisha anza kimya kimya: William Eversole wa Union Carbide alikuwa ameikuza almasi kutoka katika hewa yenye kaboni, pasipo mgandamizo mkubwa. Boris Deryagin alifuata njia hiyo Moscow tangu 1956, na John Angus huko Cleveland katika miaka ya 1960. Wachache waliwasadiki, maana ilijulikana ya kuwa pasipo mgandamizo kaboni hupenda kuwa grafiti, ile nyeusi ya penseli. Tena Deryagin huyo huyo alitetea habari za namna mpya ya maji, ambazo mwaka 1973 alikiri kuwa zilitokana na uchafu. Aliyekosea katika maji, watu walisitasita kumwamini katika almasi. Hukumu hiyo yaeleweka. Walakini ilikuwa batili.

Shaka ilianza kuondoka mwaka 1982, watafiti wa Tsukuba, Japani, walipoeleza njia yao waziwazi. Methani kidogo huchanganywa na haidrojeni nyingi, na mchanganyiko hupitishwa karibu na waya wa moto mkali. Molekuli za haidrojeni huvunjika kuwa atomi, na atomi hizo huila grafiti upesi kuliko almasi. Basi kibakicho juu ya kibao cha silikoni ni utando wa almasi.

Utando huo nao ulikuwa na kasoro. Huanza kwa punje ndogo mno zilizosongamana, na kadiri ukuavyo punje chache hushinda nyingine na kunenepa. Kila mpaka baina ya punje ni mtego wa umeme. Katika tando za kwanza umeme ulisafiri sehemu chache tu za mia ya milimita kabla ya kunaswa. Wataalamu wa kundi la RD42, lililoanzishwa mwaka 1994 katika CERN, karibu na Geneva, walijaribu dawa ambayo nakiri hunipendeza mno: kuusaga utando upande wa chini, yaani kuutupa utoto wake na kubaki na utu uzima wake. Kwa hili, na kwa ukuzaji bora, masafa hayo baadaye yalipita robo ya milimita. Mwaka 2002 watafiti wa Uswidi na Uingereza walitangaza almasi ya hewa iliyo fuwele moja, isiyo na mipaka ya punje kabisa. Hospitalini almasi ya namna hiyo hupima miali ya kutibu saratani, kwani kaboni yakaribiana na nyama ya mwili katika kupokea mionzi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa katika mtambo wa LHC wa CERN, ulioanza mwaka 2008. Ndani ya chombo cha ATLAS ziliwekwa tando za almasi katika vituo vinne kila upande, yapata mita 1.84 kutoka mahali protoni zigonganapo. Chembe zitokazo katika mgongano hufika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Zile zilizopotea njia na kugonga chuma mbali hupita upande mmoja kwanza, na wa pili baada ya sehemu 12 hivi za bilioni ya sekunde. Kwa tofauti hiyo ndogo mlinzi humtambua mgeni na mwizi. Wezi wakizidi, almasi hutaka mkondo wote utupwe nje ya mtambo, ilhali mzunguko mmoja wa protoni huchukua sehemu 89 tu za milioni ya sekunde.