Kompyuta haifunguki baada ya kuwekewa Ubuntu
Mashine ya kanisa imewekewa Ubuntu. Mkiiwasha, skrini inabaki nyeusi. Msikimbilie kufuta diski. Ikiwa haikufutwa wakati wa kuweka mfumo, orodha ya wabatizwa na hesabu za sadaka huenda zingali ndani.

1. Chomoeni flashi iliyotumika, muiwashe upya.

2. Mkiiwasha, bonyezeni F2, F12 au Delete, kulingana na mashine. Wekeni diski ya ndani iwe ya kwanza.

3. Hapo tazameni: UEFI au BIOS ya zamani? Mfumo uliowekwa kwa njia moja kwa kawaida haufunguki kwa nyingine.

4. Ikishindikana, washeni kwa flashi, chagueni kujaribu Ubuntu bila kuiweka, mkanakili faili kwenye diski ya nje. Ndipo fundi atengeneze.