"Baada ya" na "Kwa Sababu ya": Uchunguzi wa Maradhi katika Mara ya Kaskazini

Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime huvuka Mto Mara pale Kirumi. Kusini ameziacha Musoma, Butiama na Bunda. Mbele yake ni ile iliyokuwa Wilaya ya Mara ya Kaskazini, ambayo sasa ni wilaya za Tarime na Rorya. Katika nchi hiyo ulifanywa uchunguzi ambao, hata kwa mwanafunzi wa lugha, ni darasa juu ya tofauti ya semi mbili tuzichanganyazo kila siku: "baada ya" na "kwa sababu ya".

Habari yenyewe yaanzia Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Kampala, aliandika juu ya saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motokaa katika nchi nyingi, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo huonekana. Ikadhihirika kwamba hupatikana katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Uchunguzi wa namna hiyo hueleza tu: husema kitu kiko wapi, wala hausemi kwa nini kipo.

Mwaka 1964 Epstein na wenziwe huko London waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini je, virusi vilitangulia, au vilifuata maradhi? Ili kujibu, tangu mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, walitolewa damu nao wakiwa wazima, ikahifadhiwa, kisha wakangojewa. Wachache walipougua, ilionekana kwamba kingamwili za virusi hivyo zilikuwa nyingi katika damu yao tangu zamani. Hapa wakati uliwekwa mahali pake: damu kwanza, maradhi baadaye.

Malaria nayo ilibaki kupimwa. Toka mwaka 1977 hata 1982, Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Saratani liligawa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi kwa watoto wa Mara ya Kaskazini walio chini ya miaka 10. Kabla ya hapo wagonjwa wa uvimbe walikuwa kati ya 2.6 na 6.9 kwa mwaka katika kila 100,000. Mwaka 1980 na 1981 wakashuka mpaka 0.5, mwaka 1984, vidonge vilipokwisha kukoma, wakapanda mpaka 7.1. Mtu mwenye haraka angesema: dawa imefaulu.

Wachunguzi wenyewe hawakusema hivyo. Taarifa yao ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza, na kwamba malaria yenyewe ilipungua mwanzoni kisha ikarudi. Tena wagonjwa wakiwa wachache hivyo, mmoja akizidi au akipungua huigeuza hesabu nzima. Kwa hiyo hapana budi kuuliza jambo ambalo mzee yeyote wa Butiama au Bunda angeuliza: na upande wa pili wa mto, ambako vidonge hivyo havikugawiwa, je, hali ilikuwaje? Pasipo wa kulinganishwa naye, aliyepona hatujui amepona kwa nini.

Mwaka 2012 shirika hilo hilo liliiweka malaria ya nchi iliyokithiri ugonjwa huo katika daraja la mambo ambayo "yaelekea" kuleta saratani, si katika daraja la yaliyothibitika. Neno hilo moja limebeba kazi ya zaidi ya miaka 50. Sisi tufasirio taarifa za matabibu kwa Kiswahili tuliangalie sana. Tukiandika "husababisha" mahali pa "yaelekea", mama wa Musoma ataahidiwa kinga ambayo hesabu haikuiahidi. Tukilifuta kabisa, ataacha kumlalisha mwanawe ndani ya chandarua.