Sulivan, Mateka na Njia ya Chiwata

George Lydiard Sulivan aliijua bahari yetu tangu mwaka 1849, alipokuwa baharia kijana katika manowari Castor. Kazi ikamrudisha tena na tena. Mwaka 1868 alikuwa mkuu wa Daphne, akiwinda majahazi ya watumwa hadi pwani ya Barawa. Mwaka 1873 akachapisha kitabu chenye picha za watu aliowatoa majahazini, mbavu zao zahesabika. Mwaka uliofuata akashika London, manowari kuukuu iliyotia nanga Unguja. Mwishowe akapanda hadi uadmirali.

Simbezi. Ghadhabu yake juu ya biashara ile ilikuwa ya kweli. Ila serikali yake iliwalipa mabaharia tuzo ya pauni 5 kwa kila mtumwa aliyetolewa, na hao waliotolewa wakapelekwa Aden, Bombay na Shelisheli, wala hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Watu wa mwambao wakawaita mateka. Mfasiri hukwama hapa: neno hili lamtaja aliyetwaliwa vitani, na juu ya uhuru halisemi kitu. Nadhani waliolichagua walijua walisemalo.

Baadhi yao walikabidhiwa misheni ya Mbweni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua zaidi ya 50, wakapitia Lindi, nia yao Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wa bara ile ile, wakajenga. Kisha, Septemba 1882, wakashukiwa na Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa. Waliokwisha kuwa mateka wa baharini wakawa mateka wa nchi kavu, na manowari haipandi mlima. Ilimbidi mmisionari Porter awafuate Wangoni hadi kwao, akajaribu kuwakomboa kwa mali.

Miaka minne baadaye alikuja Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni na kusomeshwa na misheni. Alikaa Chitangali, si mbali na Chiwata, chini ya uwanda wa Wamakonde, kwa mfalme Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akarudi kwa Wayao wenzake. Alidumu huko miaka ipatayo kumi.