Vijiti, Bakuli na Mifupa: Uzito wa Adabu za Mlo wa Kijapani

Maiti akishachomwa nchini Japani, jamaa huitwa wakusanyike kando ya mifupa iliyobaki. Wawili wawili, kila mmoja na vijiti vyake, hushika mfupa mmoja kwa pamoja, au mmoja huupokea kutoka vijiti vya mwenzake, kisha mfupa hutiwa katika chombo cha kuhifadhia. Huanza na mifupa ya miguu na kupanda juu, ili marehemu asije akakaa kichwa chini. Miongoni mwa ile ya mwisho ni mfupa wa shingo ambao Wajapani huuona una umbo la Buddha aliyeketi. Mashariki ya nchi, pamoja na Tokyo, mifupa huchukuliwa yote; magharibi, kama Osaka, huchukuliwa sehemu tu, na ndiyo maana vyombo vya huko ni vidogo. Vijiti vyenyewe mara nyingi havilingani: kimoja cha mwanzi, kingine cha mti.

Anayelijua tendo hilo hahitaji kuelezwa kwa nini mezani ni mwiko kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Kusimamisha vijiti katika wali nako ni hivyohivyo, kwani bakuli la wali lililorundikwa na kuchomekwa vijiti huwekwa karibu na kichwa cha maiti. Vitabu vya kuwaongoza wageni huyataja makatazo haya mawili, kisha hufuatisha mengine kwa uzito uleule: usisugue vijiti, usimwagie wali mchuzi wa soya, usifute uso kwa taulo ya mikono. Dai langu ni kwamba orodha ya namna hiyo inapotosha. Adabu hupata uzito wake kutokana na mahali pengine maishani ambapo tendo lilelile hufanyika, au kutokana na chombo kinacholibeba, na hudumu kadiri tendo hilo au chombo hicho kinavyodumu.

Huenda msomaji akaona usafi unatosha kueleza. Hautoshi. Wakati wa baridi familia huzunguka chungu kimoja cha kitoweo kiitwacho nabe, kila mtu akachovya humo vijiti alivyokwisha kuvitia kinywani, na kati ya watu wa karibu hakuna anayeona vibaya. Kipande cha samaki kisichoruhusiwa kupokezanwa kwa vijiti kikiwekwa katika kisahani cha mwenzako, yeye hukichukua mwenyewe na jambo limekwisha. Kinachokatazwa ni jozi mbili za vijiti kukutana hewani, basi.

Wengi huuona mwiko huu kuwa wa kale usiobadilika. Lakini kuchoma maiti hakukuwa desturi ya Wajapani wote. Serikali ya Meiji ilikupiga marufuku mwaka 1873, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 1875, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengi bado walikuwa wakizikwa ardhini. Leo zaidi ya asilimia 99 ya maiti huchomwa. Maana yake ni kwamba watu wazima wengi wamewahi kushika vijiti vile juu ya mifupa ya mzazi au ya bibi yao. Naona ni haki kuhitimisha kwamba mwiko huu una nguvu zaidi sasa kuliko miaka mia moja iliyopita, hata kama asili yake ni ya zamani.

Adabu za utulivu zina chimbuko jingine. Dōgen, mtawa aliyekwenda kusoma China mwaka 1223 na baadaye akaanzisha monasteri ya Eiheiji, aliandika mwaka 1246 kanuni za watawa wakati wa mlo: mtu asichungulie bakuli la jirani kwa wivu, asile kwa sauti, asitikise mwili. Kwake kula kulikuwa ibada kamili. Nenda sasa kwenye kibanda cha soba. Tambi zimo ndani ya mchuzi wa moto, mlaji amesimama, anazivuta kwa sauti zipoe njiani na harufu yake imfikie puani, na hakuna anayemgeukia. Aulizaye kama Wajapani huruhusu kula kwa sauti ameuliza swali ambalo monasteri na kibanda hulijibu kila kimoja kwa njia yake.

Vyombo navyo vina sheria zao. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, katika nyumba nyingi kila mtu alikuwa na hakozen, kisanduku chake cha mbao chenye bakuli la wali, bakuli la supu, kisahani na vijiti. Kifuniko kikigeuzwa kinakuwa meza ndogo. Mlo ukiisha, mtu alisuuza bakuli kwa chai au maji ya moto, akayanywa maji hayo, akavirudisha vyombo ndani. Aliyelelewa kwenye sinia moja la wali ataiona tofauti mara moja: adabu za sinia ni za kugawana, za hakozen ni za mpaka. Meza ile ilikuwa chini sana, na kijiko hakikuwapo, kwa hiyo bakuli lilibidi liinuliwe. Wakorea, wenye kijiko na mabakuli ya chuma yanayoshika moto, huliacha bakuli mezani na kuona kuliinua ni kukosa adabu.

Hakozen ilitoweka. Ikaja chabudai, meza fupi ya watu wote, kisha baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba za ghorofa zikaleta meza ndefu na viti. Hata hivyo bakuli bado huinuliwa, na hilo ni pingamizi la kweli kwa dai langu. Jibu liko mkononi mwa mlaji: bakuli la supu ni la mbao iliyopakwa laka, haliunguzi kiganja, na kitako chake cha mviringo kimechongwa kwa ajili ya vidole. Samani zilibadilika, bakuli likabaki. Mpaka nao ulihamia humohumo: katika nyumba nyingi baba ana vijiti na bakuli lake la wali, mama ana vyake, watoto wana vyao, ilhali uma uliotoka Ulaya ni wa yeyote.

Desemba 2013 UNESCO iliuingiza mlo wa Kijapani, washoku, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikitaja hasa sherehe za Mwaka Mpya. Nafurahia heshima hiyo, ila nahofia kwamba mlo uliotangazwa urithi wa taifa utafundishwa kama sheria moja ya tangu milele. Mwaka Mpya wenyewe unakataa kusomwa hivyo. Vijiti vya siku hizo ni vya mti wa mwerebi na vina ncha pande zote mbili: upande mmoja ni wa mlaji, wa pili ni wa mungu wa mwaka anayeaminiwa kula pamoja naye. Siku za kawaida, anayegeuza vijiti ili ampakulie mwenzake kwa upande wa nyuma hukosolewa na walimu wa adabu kwa sababu upande huo umeguswa na mkono. Siku ya Mwaka Mpya upande huo una mwenyewe, na kuugeuza ni kuingia katika nafasi yake.