Kutoka London Hadi Cape Town

Msomaji, ukitazama ramani utaona ya kuwa miji ya London na Cape Town imetengwa na bara la Afrika zima pamoja na sehemu ya Ulaya. Kwa njia fupi kuliko zote angani, masafa yake ni kama kilomita 9,700. Masafa hayo hayakupungua hata shubiri moja tangu binadamu aanze kuruka. Kilichopungua ni muda. Yafaa basi tuulize, muda huo ulipungukia wapi?

Tarehe 4 Februari 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, marubani wa Afrika Kusini, waliondoka Brooklands, karibu na London. Ndege yao ya kwanza iliharibika Korosko, nchini Misri. Ya pili, iliyopitia Kisumu, ilianguka Bulawayo. Waliingia Cape Town kwa ndege ya tatu tarehe 20 Machi, siku 45 baada ya kuondoka. Lakini saa walizokuwa angani zilikuwa 109 na nusu tu, yaani siku nne na nusu. Siku zote zilizosalia zilipita wakiwa ardhini.

Hapo ndipo penye fundisho. Kilichomchelewesha msafiri hakikuwa umbali, bali kutua: kutia mafuta, kutengeneza mitambo, na kungoja kupambazuke. Na hata kutua kwenyewe kulihitaji kutayarishwa. Kabla ya safari hiyo, huko Ndola, katika Zambia ya leo, mamia ya vibarua Waafrika walitumia miezi kadhaa kubomoa vichuguu vikubwa na kubeba udongo wake, ili ndege ipate uwanja.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua hadi Cape Town kwa kupitia Kisumu na Nairobi. Kwa kuwa viwanja, mafuta na mafundi vilikuwa tayari njiani, ratiba ilikuwa siku 11. Mwaka 1952 ikaja Comet, ndege ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa ratiba. Ilitoka London ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, ingawa ilitua mahali patano njiani. Siku hizi ndege hutoka London hadi Cape Town bila kutua popote, kwa saa 11 na nusu au 12 hivi. Zilizokuwa siku zimegeuka kuwa saa.

Van Ryneveld na Brand walitunukiwa fedha na vyeo, nao walistahili, maana walihatarisha maisha yao. Vibarua wa Ndola hawatajwi kwa majina. Basi, msomaji, ukisikia watu wakisema kwamba dunia imekuwa ndogo, kumbuka ya kuwa haikupunguzwa na mabawa peke yake. Majembe nayo yalifanya kazi hiyo.