Kuni Zisizo na Hati

Mlango wa jiko la bibi yangu, Kasulu, ulitengenezwa kwa makopo ya mafuta ya kula. Fundi aliyakata, akayanyoosha kwa nyundo, akayapigilia kwenye fremu ya mbao. Maandishi yalibaki yanasomeka: USA, na chini yake onyo kwamba mafuta hayo hayauzwi wala hayabadilishwi. Yalikuwa yameshauzwa na kubadilishwa. Bibi alitoa mikungu ya ndizi kambini, akarudi na mafuta, na mafuta yalipoisha makopo yakawa mlango.

Nyuma ya mlango huo bibi alipika maharage kwa kuni, na kila alipopuliza moto alisema sentensi ileile: “Wakimbizi wamemaliza msitu.” Wanakijiji wenzake walisema hivyo pia, na wanasiasa wakairudia kwenye mikutano. Nilikua nikiiamini. Ni baada ya kuanza kusoma historia ya mizigo iliyopanda milima yetu ndipo nilipoona kwamba sentensi hiyo ina ukweli nusu. Msitu ulikatwa kweli. Lakini uamuzi uliosababisha ukatwe ulifanywa mbali na msitu, na watu ambao hawakuwahi kushika panga.

Kasulu na Kibondo ni nchi ya juu, ya udongo mwekundu na miombo, na reli haikuwahi kufika huku. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914 baada ya takriban kilomita 1,250, na ikaishia ziwani. Kwa muda mrefu Buha ilikuwa mahali pa kutoa watu: wapagazi, kisha vibarua wa mashamba ya mkonge. Mzigo mkubwa kuja huku juu, kwa malori na kila siku, ni jambo la miaka ya 1990.

Si kwamba wakimbizi walikuwa wageni kabla ya hapo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa ardhi na mbegu, na chakula cha msaada mpaka wavune. Walipovuna, malori yakapungua, kisha yakakoma. Mnyororo wa ugavi ulikuwa mfupi kwa sababu ulipangwa uishe.

Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Bujumbura mwezi Oktoba, Warundi walivuka tena. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Wanyarwanda: tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walianza kupita daraja la Rusumo kuingia Ngara, karibu wote ndani ya siku moja. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta watu wa Kivu Kusini, na Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Kibondo ilikuwa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa na nyingine. Kasulu ikawa pia na Mtabila na Muyovosi. Safari hii hakukuwa na mashamba. Serikali ilikuwa imechoka, na ina sababu zake. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakae kwenye maeneo waliyopangiwa, na kwa vitendo mpaka ukawa kilomita nne kutoka kambini.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, hesabu ya msitu inaanza kueleweka. Mtu asiyeruhusiwa kulima lazima aletewe chakula chote. Mtu asiyeruhusiwa kuvuka kilomita nne lazima apate kuni zote ndani ya duara hilo. Chakula kilitoka ng’ambo kwa meli, kikapanda treni Dar es Salaam, kikashushwa kwenye bandari kavu ya Isaka au Kigoma, kikapakiwa kwenye malori. Kila kituo kilikuwa na karani, na kila karani alikuwa na hati: magunia yaliyopokelewa, yaliyochanika, yaliyolowa. Gunia moja likipotea, lilitafutwa kwa barua.

Kuni hazikuwa na hati. Hakuna aliyezipokea, hakuna aliyezisaini. Zilibebwa kichwani na wanawake na watoto, na wapo waliovamiwa na kubakwa njiani. Waliojaribu kuzipima walipata picha ya kutisha. Kambi za Kagera, zilipojaa katikati ya miaka ya 1990, zilikadiriwa kuunguza takriban tani 1,200 za kuni kwa siku. Wakimbizi huko walikuwa zaidi ya nusu milioni, kwa hiyo kila mtu, mkubwa kwa mtoto, aliunguza kama kilo mbili. Mgawo kamili wa chakula ni kama nusu kilo kwa mtu kwa siku: mahindi au unga, maharage au dengu, mafuta, chumvi. Kwa kila kilo iliyokuja kwa meli, treni na lori, kilo nne zilikuja kichwani.

Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nikairudia. Sehemu nzito zaidi ya mnyororo wote ndiyo ambayo haikuandikwa popote.

Na uzito huo ulitegemea kilichokuwa ndani ya gunia. Mahindi yasiyosagwa yanahitaji kinu au kuchemshwa muda mrefu. Maharage makavu, hasa yaliyokaa ghalani mpaka yakawa magumu, yanakula kuni nusu ya siku. Unga unaiva kwa dakika chache. Dengu zilizopasuliwa zinawahi kuiva kuliko maharage. Afisa manunuzi aliyechagua maharage kwa sababu bei ya tani ilikuwa nafuu alikuwa, bila kujua, ameagiza pia miti ya Makere. Bei ya miti haikuwa kwenye jedwali lake.

Wakubwa hawakunyamaza kabisa. Mwaka 1996 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilitoa mwongozo wake wa mazingira, na yaliyotokea Ngara na Goma yalikuwa bado mabichi. Mashirika, likiwemo REDESO la hapa Tanzania, yalifundisha majiko banifu ya udongo, kuloweka maharage, kupasua kuni ndogondogo, kupanda miche. Kazi hiyo ilisaidia. Lakini angalia nani alifundishwa: mama mwenye sufuria. Aliyeagiza maharage hakuitwa darasani.

Halafu mambo yakajirudia. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Nduta na Mtendeli zilikuwa zimeshafungwa miaka ya nyuma. Aprili 2015 Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea muhula wa tatu, na Warundi wakakimbia tena. Maelfu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kisichofikika kwa lori, kipindupindu kikawakuta hapo. Waliotolewa kwa maji walibebwa na MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoletwa Kigoma vipande vipande kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyarugusu, iliyopangiwa watu 50,000, ikapokea zaidi ya 150,000. Oktoba 2015 Nduta ikafunguliwa tena, na Januari 2016 Mtendeli, ambayo sasa ilikuwa wilaya mpya ya Kakonko.

Kati ya majaribio yaliyofuata, mawili yananivutia. La kwanza ni fedha taslimu. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa baadhi ya kaya za Nyarugusu pesa badala ya chakula. Maharage ya Kasulu yakaweza kuliwa palepale Kasulu, bila meli wala gunia jipya. Hakuna mnyororo mfupi kuliko huo, na mama aliweza kuchagua chakula kinachoiva haraka. Agosti 2017 serikali iliusimamisha mpango huo. Jaribio la pili ni gesi ya kupikia kwa sehemu ya kaya za Nyarugusu. Gesi iliokoa miti na safari za wanawake, lakini ilileta mzigo wake: mtungi mzito unaopanda umejaa na lazima ushuke mtupu, kwenye barabara ambayo msimu wa mvua ilimeza magari. Kila njia ina gharama yake. Tofauti ni kama gharama hiyo imeandikwa au imefichwa.

Katika muongo huu neno jipya limeingia maghalani: ugavi rafiki kwa mazingira. WFP, Save the Children, Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Baraza la Wakimbizi la Denmark waliunda mradi wa pamoja wa kuwafundisha watu wa ugavi kupima taka, kurudisha vifungashio, kununua na kusafirisha kwa uangalifu zaidi. Mawazo hayo yamesambaa mpaka kwenye mafunzo madogo ya wilayani.

Nilikaa nyuma kwenye mafunzo ya namna hiyo Kasulu, nikikusanya data za tasnifu yangu. Walikuwepo watunza stoo, madereva, kiongozi wa makuli. Mwezeshaji alikuwa kijana, mzuri, mwenye slaidi. Tulijifunza kuandika lita za dizeli za jenereta, kutorudisha lori tupu kama kuna mzigo wa kushuka, kuhesabu magunia matupu. Kisha mzee mmoja wa stoo, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akanyoosha mkono.

“Samahani mwalimu. Kuni tunaandika safu ipi?”

“Kuni hazipiti kwenye stoo yako, mzee wangu.”

“Najua hazipiti. Lakini nikitoa maharage ya miaka miwili, zinatoka. Nikitoa unga, hazitoki sana. Sasa mimi nitoe kipi kwanza, na niandike wapi?”

Watu walicheka kidogo. Mwezeshaji akasema ni swali zuri, ataliwasilisha. Wakati wa chai nilimfuata mzee nikamwamkia, nikamuuliza amelipataje swali lile. Akaniambia alianza kama kuli miaka ya 1990, akipakua malori kambini. “Mjukuu wangu, lori likishusha maharage, kesho yake unaona wanawake wanaondoka alfajiri. Likishusha unga wanaondoka asubuhi. Hilo halihitaji semina.”

Naogopa mafunzo haya yataishia pale yale ya majiko yalipoishia, kwa kumfundisha mtu wa chini kabisa kubeba kosa la wa juu. Zamani mama mwenye sufuria, sasa mtunza stoo. Mtunza stoo hachagui maharage, hapangi tarehe ya meli, hakuchora duara la kilomita nne. Lakini bado nadhani yafanyike, kwa sababu moja. Anayeandika hati ndiye pekee anayeweza kuiongezea safu. Siku safu ya kuni itakapopanda kutoka Kasulu mpaka kwa mnunuzi, maharage ya bei nafuu hayataonekana nafuu tena.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi hesabu yangu, kilo nne kwa kilo moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyamaza, akaangalia mlango.

“Basi na mimi nilikula,” alisema. “Mafuta yao nilikula.”

Sikuwa na jibu. Alinituma nikanunue mkaa, maana kuni za karibu hakuna, na gunia limepanda bei.