Si Kila Lori ya Jeshi Ilibeba Askari

Wadau, kuna kitu hunikera kwa hizi kurasa za picha za Kenya ya zamani. Mtu anaposti picha ya Emergency, sehemu za Meru ama Embu, kuna lori imesimama kando, halafu anaandika tu "lori ya wakoloni". Imeisha hivyo. Hakuna anayeuliza ni lori gani.

Na jibu liko kwa jina. Chukua Bedford QL. Waingereza waliunda zaidi ya 50,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ikabaki jeshini hadi miaka ya hamsini. Herufi ya mwisho ndiyo inakuambia kazi: QLD ni ya mizigo, QLT ya kubeba askari, QLR ya redio. Uso ni ule ule, kwa hivyo angalia mgongo. QLR haina turubai. Ina kibanda kigumu kama kioski, chenye mlango, na antena zinafungwa juu. Ikiegeshwa, hema linaongezwa ubavuni.

Hapo sasa ndio inakuwa ngumu. Kibanda kimoja kilikuwa cha redio, kingine ofisi ya makamanda, kingine cha watu wa kuandika ujumbe kwa siri, na kwa nje hutofautishi haraka. Wanajeshi wenyewe waliziita "gin palace", yaani jumba la pombe (sijui walikuwa wanakunywa nini humo ndani). Tafuta pia alama ya mraba, nyeupe juu na buluu chini. Hiyo ni Royal Signals, kikosi cha mawasiliano. Kwa picha isiyo na rangi utaona mwanga juu, giza chini.

Mbona nasumbuka na haya yote? Kwa sababu QLT inakuambia askari walipita. QLR inakuambia kuna mtu hapo aliyekuwa akipokea amri na kuzituma. Februari 1955 Waingereza walipoanza Operesheni First Flute msituni Mlima Kenya, vikosi vilihitaji redio kujua nani yuko wapi. Upande wa pili, Meru walikuwa na Baimungi na Mwariama, Embu wakawa na Kubukubu, na ujumbe wa msituni ulitembea kwa miguu, kwa barua na matarishi. Tukisimulia ile vita tunahesabu bunduki. Hiyo tofauti ya mawasiliano tunairuka, na nadhani iliumiza sana.

Mi niliacha chuo, lakini kusoma picha hakuhitaji digrii. Kama shosho ana picha ya miaka hiyo kwa sanduku, usiikate ndio ikae poa Instagram. Skani yote, hadi bampa, kwa sababu kuanzia 1949 nambari za jeshi zilibadilika zikawa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Halafu muulize shosho kama ile lori ilikuwa ikinguruma hata ikiwa imesimama.